Nilivyoizoea Olympus XA2 ya baba mdogo

Hii kamera ni ya 1980, Olympus XA2, ile ndogo yenye kifuniko cha kuteleza, ilikaa kabatini kwa baba mdogo miaka na miaka mpaka juzijuzi akanipa. Aliyeibuni ni Mjapani Yoshihisa Maitani, na inaingia mfuko wa shati bila kifuko chochote.

Betri hazikunisumbua, zinakaa mbili za LR44, fundi saa Kariakoo alinipa hapohapo. Shida ilikuwa sponji. Mkanda wa filamu wa kwanza nilivyosafisha, karibu kila picha ina mchirizi mwekundu pembeni, nikajua mkanda mbovu, kumbe zile sponji za mlango wa nyuma zimeoza zimekuwa kama lami na mwanga unapenya. Nikazikwangua kwa kijiti cha meno na spiriti, nikabandika uzi mweusi wa kufumia. Uzi tu! Mpaka leo mwanga haupiti.

Sasa kazi ikawa kwenye oto. Hii kamera inachagua yenyewe spidi ya shata, yaani kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, na ukubwa wa tundu la lenzi, we huambiwi kitu, na jua la saa saba pale feri ya Kigamboni linaichanganya kabisa. Mtu kasimama, bahari inang'aa nyuma yake, kamera ikiona mwanga wote ule inabana, basi uso unatoka kiza, na kwa ngozi zetu ndo haibaki hata alama ya macho. Iliniuma sana maana kuna sura za watu wazima mle ambazo sitazipata tena. XA2 haina kitufe cha kurekebisha hilo ila ina swichi ya ISO, ya kuiambia kamera mkanda wako una wepesi gani wa kushika mwanga (namba ndogo inataka mwanga mwingi), na hiyo ndo ikawa dawa: mkanda wangu ni wa 400, mtu akiwa na mwanga nyuma nairudisha 100, kamera inaamini mkanda unataka mwanga mwingi hivyo inaachia mara nne zaidi, bahari inaungua inakuwa nyeupe lakini mtu anaonekana, na mimi nataka mtu. Ukishapiga tu irudishe 400.

Fokasi ni alama tatu, mtu wa karibu, ya kati na mlima. Ukifunga kifuniko inarudi yenyewe kwenye ya kati, kwa hiyo barabarani ni kufungua na kubonyeza, kitu kimeisha.

Ila ninachokipenda zaidi ni jioni bila flashi. Ndani ya kidirisha ikiwaka taa ya kijani ujue shata itakwenda taratibu, inaweza kufika sekunde 2, hapo naegemea nguzo nabana pumzi. Mtaani kwetu kuna mama anakaanga vitumbua, nikamwomba, "Shikamoo mama, naomba nikupige picha ukiendelea na kazi," akasema "Marahaba, piga tu mwanangu." Picha imetoka na chengachenga, mkono umetikisika, moshi umekuwa kama pamba, na simu yangu haijawahi kunipa rangi ya moto kama ile. Nikaiprinti nikampelekea. Akaifuta mafuta ya kidole chake kwa kanga, akaichomeka kwenye kioo cha kabati lake la vitumbua, na ipo pale mpaka leo.