Rovu la kasuku wangu

Jirani yangu hapa Malindi alipohamia Mombasa aliniachia tundu la kasuku wadogo, wale wa kijani wenye asili ya Australia, waliozoea kula uwele mtupu. Dume mmoja akipumua alilia kama bawaba kavu. Mistari yake myeusi ya kisogoni na mbawani ilikuwa imepauka, na kingo za manyoya zimechanika.

Daktari wa mifugo, ambaye kazi yake kubwa ni mbuzi na ng'ombe, aliisikiliza ile pumzi akasema, "Huyu ana rovu." Mimi uvimbe siuoni! Kumbe ndege ana tezi mbili za thairoidi, zimejificha chini kabisa, shingo inapoingilia kifuani. Zikivimba hulibana koromeo. Uwele una iodini kidogo mno, madini ambayo tezi hiyo huyahitaji, tena wenyewe huikwaza tezi.

Akampa matone ya iodini kwenye maji kwa kipimo chake. Upande wa chakula ukawa wangu: mchicha, karoti, yai la kuchemsha lililopondwa. Kabichi na sukuma wiki nikaziweka kando, maana nazo huisumbua tezi. Watu walinishauri mengi. Mmoja alitaja chumvi inayovunwa Gongoni, kaskazini ya hapa, lakini chumvi ghafi ya bahari ina iodini haba, ile ya dukani huongezewa kiwandani, na chumvi nyingi humuua ndege. Mwingine alinitolea vidonge vyake mwenyewe vya thairoidi. Hivyo nilivikataa katakata: homoni ikizidi, ndege hunyonyoka manyoya kwa mkupuo.

Pumzi ilitulia mapema. Manyoya ndiyo yaliyonifunza subira, kwa sababu unyoya uliokwisha kukomaa ni kitu kilichokufa, hakuna dawa ya kuurudishia rangi. Thairoksini, homoni ya tezi hiyo, hufanya kazi kwenye kishina, unyoya mpya unapoota: huusaidia kujengeka na kuwekewa melanini, ile rangi nyeusi. Kwa hiyo niliacha kuyakagua manyoya ya zamani, nikangoja ayapukutishe mwenyewe.

Kusi ilipoingia, vichomozo vikaanza kisogoni. Vilipofunguka, mistari ilikuwa myeusi tititi, kingo zimeshikana. Mbawa zilichelewa, kwani manyoya yale marefu hubadilishwa machache machache. Wenzake wote sasa wanakula kama yeye, isipokuwa jike mmoja anayeususia mchicha mpaka niuloweshe maji na kuuning'iniza tunduni.