Hedi mpya ya boksi? Ifungue kwanza kabla hujaifunga

Jumamosi iliyopita nimeshinda nje ya jiko nimekaa kwenye stuli ya plastiki, hedi ya pikipiki (kile kichwa cha injini kinachokaa juu ya silinda, ndo kina valvu na plagi) mapajani, mama watoto anapita ananiangalia tu hasemi kitu, na akinyamaza hivo najua nimeshakosea, maana nilikua nimebeba kioo cha meza ya sebuleni. Kioo ntaeleza kilikua cha nini.

Stori yenyewe ni hivi. Shemeji yangu ana toyo, anapaki kijiweni Sakina (kwa wasio wa Chuga, yani Arusha, toyo ni bodaboda tu, jina limeganda hata kama pikipiki yenyewe ni kampuni nyingine kabisa). Injini yake ni ile ya CG 125, yani kopi ya Kichina ya Honda ya miaka ya 1970, valvu mbili, pushi rodi (vijiti vya kusukuma valvu zifunguke), kitu cha kazi ngumu kisicho na mambo mengi. Sasa kuna fundi mmoja, simtaji, alimwekea plagi ikakaa upande, alivoona inagoma badala airudishe nyuma aanze upya kwa mkono, yeye akachukua spana akakaza. Meno ya kwenye hedi yakaliwa yote. Siku mbili inapuliza pembeni ya plagi fyu fyu fyu, siku ya tatu yuko na abiria kwenye kile kilima cha Ilboru plagi ikachomoka. Tukasema tuweke bushi ya meno mapya, tukaivua, kuisafisha masizi tukakuta na ufa kutoka kwenye tundu la plagi mpaka siti ya valvu (ule mduara valvu inapokalia ikijifunga), bas ikawa ni kununua nyingine.

Akaja na boksi kutoka dukani, sio orijino, bei yake haifiki hata nusu. Ndani hedi inang'aa, valvu na spiringi zimeshafungwa, yeye anataka ifungwe saa hiyo hiyo kwasababu bosi wa pikipiki anataka hesabu yake kila jioni, iwe imetembea isitembee. "Shemeji mpya ni mpya." Nkamwambia kaa chini, leta mafuta ya taa.

Mimi sio fundi wa kazi ila hili lilishanikuta. Kipindi nina pikipiki yangu nilifunga hedi kama hii moja kwa moja toka kwenye boksi, ikawa asubuhi unapiga kiki mpaka jasho linakutoka na baridi yote hii ya Arusha ya mwezi wa saba, na mwezi haukuisha valvu ya ekzosi, ile ya kutolea moshi, ikaungua ukingoni kama chapati iliyosahaulika. Valvu ya ekzosi inapoa kwa kugusana na siti, ndo inapomwagia joto lake. Isipokaa vizuri, moto unapenya pale pale kila mlipuko mpaka inatafunwa. Na huku tuko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe nyepesi, pikipiki ndogo hainaga nguvu ya kugawa, kompresheni (ule mgandamizo wa hewa ndani ya injini) ikivuja kidogo tu kilima kinakwambia.

Kwahiyo kabla sijafungua kitu nikafunga plagi mpya kwa vidole tu, bila spana. Iliingia mpaka mwisho bila kukwama, hapo nikashukuru, maana ingegoma ilikua inarudi dukani kabla haijachafuka. Nikaigeuza hedi kichwa chini, ule upande wa chumba cha moto uangalie juu, nikamimina mafuta ya taa yakajaa kama kikombe. Alafu nikamulika tochi ya simu kwenye njia ya ekzosi. Sijamaliza hata kurudisha kifuniko cha chupa naona weusi wa unyevu unatambaa chini ya valvu, mara tone, mara tone lingine. Ile ya kuingizia ilikua kavu kwa muda nayo baadae ikaanza kutoa jasho. Shemeji akachungulia akasema "ah". Hiyo ndo mpya ni mpya.

Kutoa spiringi nyumbani usihangaike na kununua kifaa, mimi natumia klampu ya seremala na kipande cha bomba nilichokikata dirisha ubavuni, unabana, vile viloki viwili vidogo vinavyoshika spiringi kwenye mkia wa valvu vinabaki wazi unavitoa na sumaku. Usifanyie kazi hii kwenye majani, kiloki kikiruka kwenye nyasi sahau.

Valvu zilipotoka ndo nikaona madudu. Njia ya hewa ina ukingo wa alumini umetokeza pale inapokutana na siti, mkali, ukipitisha kidole unakukwaruza. Tundu moja la stadi (boliti isiyo na kichwa) ya ekzosi limejaa chenga za alumini, nikazichokoa na sindano ya kushonea magunia, zilitoka nyingi kuliko nilivodhani. Ungekuta mtu anakaza stadi pale inagoma katikati anadhani imefika, au analazimisha anaua meno, tunarudi kulekule kwa yule fundi wa plagi. Gaidi, yani yale matundu mkia wa valvu unapopita, zilikua fresh, nilivuta kila valvu nje kama sentimita moja nikaitikisa, kunapepea kidogo sana kama inavotakiwa.

Ule ukingo niliulainisha kwa msasa nimezungushia kwenye penseli, taratibu, mpaka kidole kikapita bila kukwama, nikaishia hapo. Kuna vijana wanaona mambo ya kuongeza spidi mtandaoni wanachukua drili wanapanua njia yote na kuing'arisha kama kijiko cha harusi. Kwa pikipiki ya kubeba abiria ni kazi bure, njia ikiwa kubwa sana hewa inapita kivivu kwenye mzunguko wa chini na hapo ndo bodaboda anapoishi. Nachotoa mimi ni uchafu wa kiwandani tu. Na kwenye chumba cha moto kama kuna ncha kali karibu na plagi uiguse kidogo na msasa laini, ncha zinapata moto zinabaki nyekundu zinawasha petroli kabla ya wakati. Siti usiiguse na msasa kabisa kabisa.

Siti ni ya kusaga. Kwanza nikaichora yote na maka pen nyekundu, nikarudisha valvu nikaizungusha kidogo na kuitoa. Pale inapogusa wino unafutika. Ya ekzosi ilikua na mduara mnene upande mmoja alafu upande wa pili karibu na bomba wino upo vile vile, kama sehemu ya ukucha hivi, valvu ilikua haigusi kabisa. Nikapaka pesti ya kusagia ile laini (kopo lina pande mbili, ile nzito kaa nayo mbali kwenye hedi mpya), nikachomeka kipande cha paipu ya petroli kwenye mkia wa valvu nikaivuta ikae kwenye siti huku naipekecha kama mtu anawasha moto kwa vijiti. Unapekecha, unainyanyua, unaigeuza robo, unapekecha tena. Masikio ndo yanakwambia, mwanzo inakwaruza krrr krrr kama unatembea kwenye kokoto, ikikaribia inakua laini inateleza. Nilirudia mara tatu mpaka ukatokea mduara wa kijivu, haujakatika popote, upana kama milimita moja na nusu hivi, katikati ya uso wa valvu. Ila kusaga hakuhamishi siti, kama mduara umepanda mpaka ukingoni au siti imechongwa upande, hapo ni kwenda kwa mtu mwenye kata ya kuchonga siti ya digrii 45 au urudishe boksi dukani.

Sasa kioo. Nilichukua rula ya chuma nikaiweka kwa kukatisha kona hadi kona kwenye uso wa hedi, fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi) ya milimita 0.05 ikapita kona moja, ya 0.10 ikagoma. Ingepita ya 0.10 ningesema ipelekwe mashineni, ila kwa hiyo kidogo kioo kinene kinatosha kwasababu kimenyooka kuliko kitu chochote tulichonacho nyumbani. Nikabandika msasa namba 400, nikamwagia mafuta ya taa kidogo, nikachora mistari ya maka pen uso mzima, nikawa naisukuma kwa mchoro wa namba nane bila kuikandamiza. Mistari ya mwisho ilipopotea kwenye ile kona nikaacha hapo hapo, sio mpaka ing'ae, ukila sana kompresheni inapanda na pushi rodi zinakua ndefu.

Kuosha kulichukua muda kuliko kusaga na sioni aibu kusema. Pesti ni mchanga, ikibaki inakula gaidi, inashuka inakula ringi za pistoni. Petroli kwanza, mbali na jiko la mkaa tafadhali, alafu maji ya moto na Omo na brashi ya chupa ya mtoto iliyostaafu, alafu pampu ya baiskeli kila tundu, alafu oili kidogo kwenye mikia kabla ya kurudisha. Nikajaza tena mafuta ya taa, tukaenda kula, tukarudi kukavu pote.

Kufunga ni kule kule, gasketi mpya, nati kwa kukatisha na kwa awamu, nafasi ya valvu ukiipima injini ikiwa baridi kabisa milimita 0.08 zote mbili. Nikamwambia arudi baada ya siku chache tupime tena, hajarudi, ila kapiga simu juzi yuko juu Ilboru anapiga kelele amepanda gia ya tatu na abiria na gunia la viazi, na kuna machalii wawili wa kijiweni wana hedi zao kwenye boksi wanauliza niko nyumbani lini.

Kioo nimekirudisha. Kina mkwaruzo mmoja pembeni, nimeuwekea kitambaa cha meza.