Sakafu ya joto au pampu ya joto: kumbukumbu ya nyumba mpya ya Ilboru

Nyumba ina vyumba vitatu vya kulala, sebule na mabafu mawili. Kuta ni tofali za inchi sita, paa la bati, siling ya jipsam. Iko Ilboru, juu ya mji wa Arusha upande wa Meru, ambako usiku wa Juni hadi Agosti joto hushuka hadi nyuzi 12 hivi. Jamvi bado halijamwagwa, ndiyo maana suala hili linaamuliwa sasa. Niru, yaani tabaka la saruji la juu ya jamvi, ikishapita, kuongeza bomba la sakafu ni kuvunja nyumba.

Tunachagua nini hasa

Swali la "sakafu au pampu" huulizwa kana kwamba vitu hivi ni vya aina moja. Sakafu ni njia ya kusambaza joto; pampu, yaani mtambo unaovuta joto kutoka hewa ya nje na kulileta ndani, ni chanzo chake. Kwa hiyo mezani kuna mambo matatu: waya wa umeme chini ya vigae, bomba la maji chini ya niru likilishwa na pampu, au kiyoyozi cha ukutani, ambacho nacho ni pampu ya joto, kinachoweza kugeuza mzunguko wa gesi kikatoa joto badala ya baridi.

Hesabu ya chumba kimoja

Chumba cha mita 4 kwa 4, kimo mita 3, kuta mbili zikitazama nje, dirisha moja la mita 1.5 kwa 1.5. Tunataka nyuzi 20 ndani wakati nje ni 12, tofauti ya nyuzi 8. Kwa kila nyuzi moja ya tofauti, kuta hupoteza kama wati 61, dirisha la kioo kimoja 13, sakafu 11, hewa inayopenya 16, na siling tupu chini ya bati 40. Jumla ni 141, yaani wati 1,130 hivi kwa nyuzi 8.

Tazama hiyo 40 ya siling. Ukitandaza pamba ya kioo ya unene wa mm 100 juu ya jipsam, inashuka hadi 6 hivi, na chumba kizima kinahitaji wati 860 tu. Hakuna mtambo utakaonunua unaokupa nafuu hiyo bila kula uniti hata moja, kwa hiyo pamba imeingia kwenye bajeti kabla ya kitu kingine chochote. Isibanwe chini ya mbao, maana ikikandamizwa hewa inatoka na kinga inapungua. Na isigusane na taa za kuchomeka kwenye siling zinazopata moto.

Kwa nini bomba la sakafu limeachwa

Si kwamba halifanyi kazi. Sakafu yenye nyuzi 26 kwenye chumba cha nyuzi 20 hutoa kama wati 64 kwa mita ya mraba, na chumba chetu chenye pamba kinahitaji 54. Tena pampu hupenda sakafu, kwa sababu maji ya nyuzi 35 yanatosha, na kadiri maji yanavyohitajika kuwa ya joto dogo ndivyo kompresa inavyokula umeme kidogo.

Tatizo ni hali ya hewa ya Arusha. Niru ya mm 65 huchukua saa kadhaa kupata joto na saa kadhaa kulipoteza. Baridi yetu inauma kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Mchana, hata Julai yenye mawingu, joto hufika nyuzi 20 au zaidi. Ili sakafu iwe na joto saa kumi alfajiri lazima uiwashe jioni, na saa sita mchana bado inatoa joto ambalo hakuna anayelihitaji. Kwa nyumba yenye wazee wanaoshinda ndani, au iliyo juu zaidi mlimani, hesabu inabadilika na bomba linafaa.

Anayeamua kulaza ashike haya. Chini kabisa povu gumu la kukinga joto (foam) la mm 30 hadi 50, la sivyo unapasha udongo. Pembeni mwa kuta zote ukanda laini wa mm 8 hadi 10, ili niru ipate pa kutanukia. Bila huo vigae huinuka au kupasuka. Bomba la plastiki aina ya PEX la mm 16, nafasi ya mm 150, ni kama mita 6.7 kwa kila mita ya mraba. Mzunguko mmoja usizidi mita 100, la sivyo pampu ya kuzungusha inashindwa na mwisho wa mzunguko unabaki baridi. Kusiwe na maungio yoyote ndani ya niru. Jaza maji, panda hadi bar 6, tafuta uvujaji, na liache bomba na presha wakati mafundi wanamwaga, ili sindano ya geji ikishuka mtu ajue papo hapo kuwa toroli au koleo limetoboa. Niru ya saruji ipewe siku 21 kabla ya kuwashwa, kisha nyuzi 25 kwa siku tatu, halafu joto la juu lililopangwa kwa siku nne. Kuharakisha hapa ndiko kunakoleta nyufa.

Moshi mjini bomba la sakafu hatungelijadili hata kidogo. Kule mji uko chini zaidi na shida ya miezi mingi ni joto. Kiyoyozi kinachofanya kazi pande zote mbili ndicho jibu, ila kwa wanaojenga Kibosho au Marangu, ambako hali inakaribia ya kwetu.

Kilichochaguliwa: pampu ya hewa

Kiyoyozi cha inverta (kompresa yake hubadili kasi kulingana na hitaji) cha BTU 9,000 kwa chumba kikuu na kingine sebuleni. BTU 9,000 ni kama wati 2,600. Kwenye mwinuko huu hewa ni nyepesi kwa asilimia 13 hadi 15 kuliko pwani, feni inabeba joto pungufu kidogo, lakini bado tunavuka wati 860 kwa mbali. Kikubwa zaidi ya hapo ni hasara: kinawaka na kuzima kila mara.

Soma kibandiko kabla ya kulipa. Viyoyozi vingi madukani ni vya kupoza tu, na umbo la nje ni lilelile. Kinachotoa joto kina vali ya njia nne ndani ya kitengo cha nje, na rimoti ina alama ya jua.

Gharama ya usiku: chumba kikihitaji uniti 7 za joto, waya wa umeme unakula uniti 7. Pampu inayotoa joto mara tatu na nusu ya umeme wake inakula 2. Kwa Luku inayotoa uniti 2.8 kwa shilingi 1,000, ni 2,500 dhidi ya kama 700.

Kwenye ufungaji, nati ya bomba la robo inchi ikazwe kwa spana yenye kipimo, Nm 14 hadi 18; ikizidi, shaba inapasuka na gesi inavuja polepole. Mfumo unyonywe kwa vakyumu hadi maikroni 500, vali ifungwe, na sindano itazamwe. Ikipanda, kuna unyevu au tundu. Weka kinga ya umeme yenye kuchelewesha dakika tatu hadi tano, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi ghafla kompresa inalazimishwa kuanza ikiwa na presha. Na kitengo cha nje kiwe na bomba la kutoa maji: wakati wa kutoa joto, chenyewe ndicho kinachodondosha, na ukutani huacha mstari wa ukungu.

Bafuni

Hapa sakafu imeshinda, kwa sababu miguu ni mitupu na muda ni mfupi. Mkeka wa waya wa wati 150 kwa mita ya mraba, mita za mraba 4 za sehemu iliyo wazi, wati 600. Saa mbili ni uniti 1.2, kama shilingi 430. Usipite chini ya choo wala kabati, na waya wa joto usikatwe kamwe. Kinachokatwa ni wavu wake tu, ili mkeka ugeuke. Sensa ya joto ipite ndani ya bomba jembamba la plastiki, ili ikifa ivutwe na kubadilishwa bila kuvunja vigae. Saketi iwe na kinga ya umeme unaovuja (RCD) ya mA 30.

Upinzani wa mkeka wa wati 600 kwa volti 230 ni kama omu 88. Upimwe mara tatu: ukiwa bado kwenye boksi, baada ya kutandazwa, na gundi ya vigae ikishakauka. Namba zote tatu ziandikwe ndani ya mlango wa kabati la meni switchi, pamoja na picha ya mkeka kabla haujafunikwa, ili fundi atakayekuja kutoboa apate pa kuangalia kwanza.