Kuzika tunajua, kuuguza je?

Kanisani kwetu Likoni mtu akifariki, jua halijatua kamati ya mazishi imeshaketi. Turubai, viti, sufuria, basi la kwenda bara: kila kitu kina mwenyewe. Hapo hatushindwi na mtu. Lakini ugonjwa ukiwa wa miezi, kinachobaki ni "Mungu akuguse" kwenye grupu la WhatsApp, na baada ya muda hata hizo Amina huadimika.

Nasema hivi kwa ajili ya mzee wetu mmoja wa kwaya aliyeharibikiwa na figo. Mara mbili kwa wiki huvuka feri kwenda kisiwani kusafishwa damu, na kila mara hukaa kwenye mashine kama saa nne. Kwenda hujikongoja. Kazi ni kurudi: ametoka hoi, miguu haimbebi, na pale kwenye mteremko wa feri umati mzima unakimbilia kuwahi. Wakati ule hahitaji mahubiri. Anahitaji bega la kushika na nauli ya tuktuk.

Jumapili moja wageni walimletea madafu na chane ya ndizi. Mkewe alipokea kwa adabu, akashukuru. Walipoondoka akavipeleka kwa majirani. Dafu lina potasiamu nyingi, ndizi vilevile. Figo zisipoweza kuitoa hurundikana kwenye damu, na ikizidi moyo unaweza kusimama. Yaani kile tunachompelekea kila mgonjwa hapa Pwani, kwake ni hatari. Na kuuliza ni bure!

Siku hizi nikisoma Luka 10 naangalia gharama. Yule Msamaria alitia mafuta na divai, akampandisha majeruhi kwenye mnyama wake, akamuuguza usiku ule, kesho yake akatoa dinari mbili na kuahidi kulipa zitakazozidi akirudi. Alipanga kurudi. Na katika Matendo 6, wajane wa Kiyunani waliposahauliwa katika mgao wa kila siku, mitume hawakutunga wimbo kuhusu upendo. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu 7, Stefano akiwamo, wasimamie chakula.

Basi nasi tumefungua daftari. Nani anampeleka, nani anamrudisha, nani anabaki na mama ili naye apate usingizi. (Mama ndiye anayesahaulika kuliko wote. Hana homa, kwa hiyo hakuna anayemwombea.)

Ijumaa ilikosa mtu. Jirani yao Mwislamu akasema mwanawe ana tuktuk, akishaswali atampokea mzee ng'ambo hii. Nikamwandika. Kuna mzee wa kanisa aliyeguna: mtu wa msikitini kwenye daftari letu? Nikamuuliza, "Baba, kuhani na Mlawi walipita, aliyesimama alikuwa wa dini gani?" Alicheka, akachukua kalamu, akajiandika Jumanne ya asubuhi.

Jumanne ya kurudi bado iko wazi. Anayevuka saa tisa anitafute, nauli ipo.