Mwenzangu Mbona Umemfuta?

Jumapili usiku, Moshi. Mvua imekatika, umeme umerudi, na mimi nimetandika taulo mezani kama kila Jumapili. Kamera moja, lenzi tatu, brashi laini, kipira cha kupulizia vumbi, kitambaa cha miwani. Mke wangu huiita ibada ya jioni, na hakosei sana. Nikizungusha pete ya lenzi taratibu na kusikia ule mlio wa kamera ikipiga, wiki nzima ya dukani hunitoka mabegani. Sioni aibu kwa hilo. Kuna wanaopenda saa, kuna wanaopenda redio za zamani. Mimi napenda vioo.

Ila jana niliumbuliwa sokoni Mbuyuni, na nataka kuandika kabla sijapata utetezi.

Nianze na lenzi yenyewe. Ni ya milimita 85, ya kumvuta karibu mtu aliye mbali, f/1.8. Niliitolea jasho miezi minane: kibubu, zamu yangu ya mchezo kazini, na viatu ambavyo sikununua. Aliyeniuzia ni kijana wa Arusha aliyekuwa anahamia vifaa vya kampuni nyingine (huwa wanahama tu, hawaachi). Tulikutana stendi, nikaimulika kwa tochi ya simu kutafuta kuvu. Masika ya huku ni adui wa vioo. Kuvu huota ndani ya lenzi kama utando wa buibui, na ikishashika haitoki kwa kufuta. Ndiyo maana begi langu limejaa vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Duka la jirani wananiwekea, nadhani kwa huruma.

Hiyo f/1.8 maana yake tundu la lenzi hufunguka sana; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi iliyokuja na kamera, ile 18-55 ya plastiki, ukiivuta mpaka mwisho tundu lake halifunguki kupita f/5.6; hii niliyonunua huingiza mwanga karibu mara kumi ya ule. Lakini tuseme ukweli, wengi hatuifuati kwa ajili ya mwanga. Tunafuata ule myeyuko wa nyuma. Mtu akiwa mita mbili mbele yako, eneo linalotoka kali ni kama sentimita nne tu. Macho makali, masikio yameanza kulainika, na kila kilicho nyuma kimekuwa rangi tupu. Ukiiona mara ya kwanza kwenye kioo cha kamera yako mwenyewe, unahisi umekuwa mtu mwingine.

Mimi nauza vifaa vya ujenzi. Miaka saba kwenye kaunta imenifundisha kumtambua fundi kabla hajafungua mdomo. Mwashi wa kweli huja na mwiko ulioliwa ncha, anabeba saruji yake, anaondoka. Mwingine huja Jumamosi, anauliza drili ipi ina nguvu kuliko zote, anaitaka na boksi lake na seti nzima ya biti, halafu miezi sita baadaye anarudi kuulizia toleo jipya, wakati ukuta wa nyumba yake hauna hata tundu moja. Huyu tunamheshimu sana, maana ndiye anayelipa mishahara yetu. Nilikuwa nikimcheka moyoni, mpaka siku nilipofungua kompyuta kuangalia nilichopiga kwa lenzi mpya katika wiki mbili za kwanza. Picha mia tatu na kitu. Matofali ya ukuta wa uani, chupa ya maji, paka. Nilikuwa napima ukali wa kona za picha. Kwa taarifa yenu, matofali yangu ni makali mpaka pembeni kabisa.

Picha zangu nyingine zote ni Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Ukiishi Moshi na una kamera huponi: saa kumi na mbili na nusu asubuhi unapanda juu ya paa, mlima uko wazi na mita zake 5,895, theluji imeshika rangi ya chungwa, na ikifika saa tatu wingu limeshaufunika. Ninazo picha zaidi ya elfu mbili za mlima ule ule kutoka paa lile lile. Siku hizi najua kwa nini. Mlima haukuulizi picha yangu iko wapi.

Mama wa ndizi huuliza.

Nimekuwa mteja wake tangu nilipopanga chumba mjini. Mshare wa mtori, mzuzu wa kukaanga, na kisukari anazoniongezea bure nikimwamkia vizuri. Mwezi wa nane mwaka jana nilimwomba nimpige picha. Akakataa, akacheka, akafunga kilemba upya, akakubali. Hatua moja nyuma yake hukaa mwenzake anayeuza nyanya. Naye akanyoosha kanga yake nyekundu, akajiweka sawa. Nikapiga kama ishirini, zote f/1.8, nikaondoka najiona mfalme.

"Basi utaniletea," alisema.

"Bila shaka mama."

Anayepiga watu picha huku kwetu anajua kwamba hapo umeshaandika deni. Kuanzia siku ile, kila Jumamosi ikawa: Shikamoo mama. Marahaba, picha yangu iko wapi? Nikasema kompyuta imeharibika. Nikasema studio wamefunga. Mara moja, Mungu anisamehe, nilipitia mlango wa upande wa pili nikanunua ndizi kwa mtu mwingine, mbaya tena. Na kusafisha picha moja ya ukubwa wa daftari kunanigharimu chini ya nauli ya kwenda Arusha kukodolea macho lenzi ambayo siwezi kuinunua, safari niliyoifanya mara tatu mwaka huu. Sikuisafisha kwa sababu nilikuwa nadunduliza hela ya flashi, ile taa ya kamera.

Jana nikaipeleka. Akafuta mikono, akaipokea kwa mikono yote miwili, akaitazama. Nami nikasimama kusubiri sifa, maana ile picha ni nzuri, mtaniwia radhi. Ngozi imetoka vizuri, nyuzi za kilemba zinahesabika. Akamgeuzia mwenzake aone, akaivuta tena karibu, kisha akauliza kwa upole:

"Na mwenzangu mbona umemfuta?"

Nikaanza kumweleza. Kwamba sikumfuta, ndivyo lenzi inavyofanya, ndio uzuri wake, watu wanailipia pesa nyingi. Akanisikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayetaka mkungu wa elfu kumi kwa elfu sita.

"Alikuwepo," akasema. "Miaka kumi na minne tunakaa hapa. Nikiumwa, ndizi zangu anauza yeye. Sasa nikimwonyesha mtu hii si atasema ni gunia?"

Muuza nyanya akachungulia. "Aisee kweli. Gunia jekundu."

Wakacheka mpaka muuza dagaa akaja kuona kuna nini. Picha ikatoka mkono huu ikaingia ule, na kila aliyeishika alianza kumtafuta muuza nyanya. Hakuna hata mmoja aliyetazama nyuzi za kilemba.

"Piga tena," mama akasema. "Sote."

Ile 18-55 ilikuwemo begini, chini kabisa, kwa sababu mimi huwa nabeba kila kitu. Kubadilisha lenzi sokoni ni kukaribisha vumbi ndani ya kamera, nikageukia ukutani na kufanya haraka kama mtu anayebadili nguo. Halafu ikaja shida ambayo hakuna duka linaniuzia dawa yake: turubai. Pale wote wamefunika kwa turubai la bluu, na jua likipita juu yake nyuso zote zinakuwa za bluu, kama watu waliozama. Ukiwatoa nje, saa tano asubuhi huku, jua limeshasimama juu ya vichwa na macho yanakuwa mashimo. Ilibidi niongee nao. Niwasogeze mpaka kwenye ukingo wa turubai, kivulini lakini wanatazama nje, muuza dagaa ashike beseni hivi, mama asogeze mizani. Wengine wakaanza kujiunga bila kuitwa. Nikarudi nyuma mpaka nikagonga meza ya mitumba, mwenyewe akaniambia nikanyage tu pale kwenye boksi.

Nikaiweka milimita 24, ione eneo pana, na f/8, tundu dogo. Kwa umbali ule kila kitu kinakuwa kikali, kuanzia mita mbili hivi hadi mwisho wa kichochoro: nyanya, bango la vocha, mtoto anayelia, ndoo. Kwa macho yangu ya Jumapili usiku ni picha iliyojaa takataka. Wao walipoiona kwenye kioo cha kamera walinyamaza kwanza, kila mmoja anajitafuta.

Kuna jambo nimelizungusha kichwani tangu jana. Ile milimita 85 niliwaambia watu nimeinunua kwa sababu ya ubora, na ubora upo. Lakini niliipenda pia kwa sababu inaniruhusu kusimama mbali na kumchukua mtu mmoja bila kushughulika na wa pembeni yake. Kwa mwenzake sikuomba ruhusa wala sikumsalimia. Alikuwa rangi tu. Mimi ni mwoga wa watu kuliko ninavyoonekana kaunta.

Msinielewe vibaya. Siwezi kuvumilia wale wanaosema kamera si kitu, jicho ndilo kila kitu. Wengi wao huyasema hayo wameshika kamera ya mamilioni. Ingia ukumbi wa harusi Majengo saa tatu usiku, taa za zambarau zinazunguka, ukiwa na lenzi ya f/5.6, halafu tuongee habari za jicho. Kifaa kina kazi yake.

Ila huwa namfikiria Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali. Alianza na kamera ndogo ya Kodak Brownie aliyoletewa na mjomba wake mwaka 1935, akafungua studio mwaka 1948, na kwa kuwa filamu zilikuwa ghali, kwa kawaida mteja alipigwa picha moja tu. Moja! Mimi nilimpiga mama ishirini bila kumwona mwenzake. Na zile za Keïta zinazotundikwa leo kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani zilipigwa kwa ajili ya mteja, ili azichukue aende nazo nyumbani. Baba yangu anayo moja ya namna hiyo, ya studio ya hapa mjini mwaka 1979, ameshika redio ambayo haikuwa yake. Kona zake si kali. Imekaa ukutani sebuleni kwake maisha yangu yote.

Taulo bado liko mezani. Nimezifuta zote tatu, 85 nimeifuta mara mbili, na sina mpango wa kuiuza. Aliyetegemea hivyo apoe. Simu imelia sasa hivi. Ni yule kijana wa Arusha, ana flashi ile ile niliyokuwa naitafuta, haijatumika sana, bei ya kirafiki, ila kuna mwingine anaiulizia na anataka jibu usiku huu.

Nimemjibu amuuzie huyo mwingine. Pale kwenye ukingo wa turubai walisimama watu kumi na mmoja, na kila mmoja anataka nakala yake Jumamosi.