Mafungo Ndanda: kengele haisubiri upako

Basi tulilipandia Mbagala Rangi Tatu kukiwa bado giza, tukavuka Rufiji pale Daraja la Mkapa, Nangurukuru watu wakashuka kutafuta chai, halafu Mnazi Mmoja ya Lindi tukashika njia ya Masasi, mpaka nashuka Ndanda kiuno hakipo. Abasia hapa, yaani monasteri ya watawa Wabenedikti, ilianza 1906, mwaka mmoja tu baada ya misheni ya jirani, Nyangao, kuchomwa wakati wa Maji Maji.

Mi nimelelewa kwenye mikesha. Kwetu mtu anasali akishukiwa na Roho, analia hadi sauti inakauka, halafu wiki nzima inayofuata kimya, Biblia inakaa juu ya kabati. Sasa hapa kengele ikigonga alfajiri watawa wanainuka tu wote, wanaingia kanisani, upande huu unaanza mstari wa zaburi, katikati wanatulia kidogo, wanamalizia, upande wa pili unapokea. Hakuna anayepaza sauti kumzidi mwenzake. Kuna kijana mmoja alikuwa anapiga miayo waziwazi na bado mstari wake hakuukosa hata mmoja, aisee huyo ndo alinihubiria kuliko padre.

Mchana nikamkuta bruda mzee karakana, mikono imejaa grisi.

"Shikamoo Bruda. Hivi kuna siku unaenda kusali hujisikii kabisa?"

"Marahaba. Mbona nyingi tu mwanangu, hata leo asubuhi."

Akaendelea kukaza nati zake, kengele ikalia, akaacha spana hapohapo akaenda kunawa. Nati ilikuwa imebaki nusu! Mi ningemalizia kwanza.

Kumbe imeandikwa kwenye Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, kitabu cha taratibu za maisha yao, cha karne ya 6, sura ya 43: ukisikia ishara ya sala unaacha ulichoshika. Ila sura hiyohiyo inasema ile sala ya usiku Zaburi ya 95 (94 kwa hesabu ya zamani) ivutwe taratibu ili wa kuchelewa wawahi, na akichelewa zaidi ya hapo anasimama mwisho wa wote. Hapo nikaielewa nidhamu yao, ni ngumu lakini mtu wanamhesabia ubinadamu wake, siyo ile ya kwetu ya kufunga kavu siku kibao kwa mpigo halafu basi.

Kama unaenda piga simu kwanza upate chumba, na msosi usichelewe, wa kuchelewa mezani nao wamo kwenye sura hiyohiyo.