Wanja wa Yezebeli, muhuri wa Ahabu

Bwana asifiwe, wapendwa wa hapa Busia.

Jumapili iliyopita dada mmoja aliingia ibadani amepaka midomo rangi nyekundu. Hata hajakaa, mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Yezebeli huyo." Tuliosikia tukacheka. Nami nilicheka.

Nyumbani nikafungua Biblia kumtafuta Yezebeli wa marangi. Nimempata mahali pamoja tu, 2 Wafalme 9:30: anatia wanja, anapamba kichwa, anachungulia dirishani Yehu, mfalme mpya, akiingia mjini. Siku hiyohiyo anakufa. Binti huyu wa mfalme wa Wasidoni alishaua manabii wa Bwana, na manabii 400 wa Ashera walikula mezani pake. Sisi tumeshika wanja.

Sura iliyoninyima usingizi ni 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu, mume wa Yezebeli, anataka shamba la mizabibu la Nabothi, jirani ya jumba lake, apande mboga. Mboga! Nabothi anakataa, ni urithi wa baba zake. Mfalme mzima anajilaza kitandani, anageuza uso, hali chakula. Mkewe anaandika barua kwa jina la mume, anazipiga muhuri wa mume, anazipeleka kwa wazee wa mji. Wazee wanatii. Mashahidi wawili wa uongo wanaketishwa mbele ya Nabothi, naye anapigwa mawe hadi kufa.

Sisi wa huku hatuhitaji mkalimani. Nani hajasikia kibanja cha mjane, kipande chake cha ardhi, kilichohama kwa karatasi moja yenye stempu, na sahihi za majirani wawili ambao siku hiyo hawakuwepo?

Yezebeli simtetei, aya ya 25 inasema wazi alimchochea mumewe. Ila tazameni nabii Eliya anatumwa kwa nani: kwa Ahabu, humohumo shambani. Ahabu aliambiwa Nabothi amekufa, na hatusomi popote kwamba aliuliza amekufaje. Aliinuka, akateremka kumiliki. Na wale wazee waliozisoma barua? Hakuna binti anayeitwa kwa majina yao mlangoni pa kanisa.

Jumatano nilimsomea sura hiyo mwenyekiti wetu wa LC, yaani baraza la mtaa, anayesali nasi na ambaye stempu yake haitoki mfukoni. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Wale wazee walikuwa wangapi?"

Biblia haisemi.